Karafuu Tatu za Ña Eladia

Ña Eladia Riquelme (Ña kwetu ni kama Bi) alikuwa na swali moja ambalo hakuna mteja aliyepata kulikwepa: "Kinachokusumbua ni nini?"

Ukifika kwenye meza yake ubavuni mwa soko, chupa yako ya maji ya barafu mkononi, hagusi mchi mpaka umejibu. Tumbo? Anachomoa fungu hili. Figo? Anachomoa lile. Umelewa jana? Anakucheka kwanza, tena kwa sauti ili na jirani asikie, ndipo anakuchagulia majani. Anayatupa kinuni, anatwanga, anayasukumiza ndani ya chupa, basi, unakwenda zako kunywa tereré yako, ile chai yetu ya baridi ya kuvuta kwa mrija, mpaka adhuhuri. Katika mji wetu, na nadhani Paraguai nzima, mtu akinywa tereré kwa maji matupu watu humwuliza kama amefiwa.

Sasa fikiria mtu anayeuliza swali hilo kwa miaka ishirini na sita. Ña Eladia alijua nani ana kisukari na anamficha mkewe. Alijua padri ana bawasiri. Alijua mabwana watatu wa mtaa mmoja, wenye vifua mbele, ambao kila Ijumaa walinunua mizizi ya kuwatia nguvu, na kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Na hakufungua mdomo hata siku moja. Alipiga na wake zao soga za mvua na bei ya nyanya, uso mkavu kabisa. Mwuza majani akipayuka, afadhali aanze kuuza vitunguu.

Alikuwa na ufundi wake pia, aliourithi kwa bibi yake: kwenye majani ya usingizi, yeye alitia karafuu tatu. Wenzake wote walitia majani na maua wakaishia hapo. Yeye tatu, si mbili wala nne, na alijisifia jambo hilo mpaka mbwa wa sokoni walilijua.

Halafu alikuwa Mwekundu. Kwetu rangi ya chama huichagui, unazaliwa nayo kama pua. Kuna Wekundu, wanaotawala tangu babu zetu, na kuna Wabuluu, wanaolalamika tangu babu zetu. Mume wa Ña Eladia alipokwenda Buenos Aires kujenga nyumba za watu, akaishia kujenga na familia nyingine hukohuko, alibeba kila kitu chake isipokuwa leso nyekundu ya chama. Leso ikabaki imepigiliwa ukutani, ikawa ndiyo mume. Lakini niseme kweli, siasa haikuwa ikimkosesha raha mama huyu. Alipiga kura, akala nyama ya bure ya mkutano, akarudi kwenye kinu chake. Kilichomharibu ni wivu, na wivu wenyewe ulikuwa juu ya mwanawe.

Yeruti ndiye mtoto wake wa pekee, msichana wa miaka ishirini na miwili, mpole, mwenye macho makubwa. Tangu ana miaka sita, kila siku saa tatu asubuhi, maana shule yake ilikuwa ya mchana, hata likizo na sikukuu, Yeruti alikuja sokoni na chipa, mkate wetu wa muhogo na jibini, ya moto imefungwa kwenye kitambaa, akakaa kwenye kreti iliyopinduliwa, na mama na mwana wakanywa tereré kwa kikombe kimoja cha pembe na mrija mmoja. Mama anamimina, mwana anavuta, anarudisha, mama anavuta. Hawakuongea mengi. Kwa Ña Eladia saa ile ndiyo ilikuwa malipo ya maisha yake yote, na aliwahi kuwaambia watu hivyo hivyo.

Basi, akatokea Profe Zunilda.

Profe alikuwa mwalimu wa Yeruti wa sekondari, mwanamke mrefu wa nywele fupi, diwani wa Wabuluu, na mwaka ule alitaka umeya. Akamwita Yeruti amsaidie ofisini kwake. "Kuandika barua tu, mama," Yeruti alisema, na wiki ya kwanza alikuja saa tatu kama kawaida. Ya pili akaja mara mbili. Ya tatu, kreti ikabaki tupu na chipa Ña Eladia akajinunulia mwenyewe.

Nyumbani mezani ikawa Profe hivi, Profe vile.

"Profe anasema mfereji wa soko ungezibuliwa kwa siku mbili tu, mama."

"Profe amewahi kushika koleo?"

"Profe anasema mimi nina kichwa cha chuo kikuu."

"Mimi nilisema hivyo ukiwa na miaka minane. Hukunisikia?"

"Ah, mama. Wewe ni mama yangu, lazima useme."

Lo! Neno hilo lilimchoma. Siku Yeruti aliporudi nyumbani amekata nywele fupi kama za Profe, Ña Eladia aliacha kijiko, akatoka nje, akajifanya kufagia ua uliokwisha fagiliwa. Mimi nimezaa, akajisemea, mimi nimelea, mimi nimekaa macho na pumu yake, halafu mtu mwingine anakuja kuvuna mwana aliyekwisha kuwa mkubwa!

Na kana kwamba Mungu alitaka kumchezea, mwezi wa Agosti Profe mwenyewe akaanza kuja mezani pake, saa tatu kamili, saa ya Yeruti. Akaweka chupa iliyovikwa ngozi ya kahawia.

"Habari za asubuhi, Ña Eladia."

"Kinachokusumbua ni nini?"

Profe alitazama pembeni kidogo. "Usingizi. Haupatikani siku hizi."

Ña Eladia akachukua majani ya karakara, majani ya limau, maua ya mchungwa, na karafuu zake tatu. Akatwanga kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Moyoni alifurahi, tena alifurahi sana: kumbe na wewe una kidonda! Kila siku Profe alikuja, kila siku jibu lilikuwa lile lile, usingizi.

Yeruti ndiye aliyemfundisha mama yake kutumia simu, ili awe anatangaza majani yake mtandaoni. Mafunzo hayo ndiyo yaliyotumika. Saa ya kulala mchana, mji mzima umejifungia ndani kukimbia jua na hata njiwa wamenyamaza, Ña Eladia alifungua akaunti ya pili. Jina akaandika Mwekundu Kindakindaki. Picha akaweka jogoo mwekundu.

Mara ya kwanza aliandika kuhusu viatu vya Profe tu. Watu arobaini wakapenda, mmoja akaandika, "Kaka umenivunja mbavu." Kaka! Ña Eladia alicheka peke yake mpaka kitanda kikalia. Maishani mwake hakuna aliyewahi kumpigia makofi kwa jambo lolote, na sasa watu arobaini! Kesho yake akaandika tena. Wiki ya pili akamwita Profe mwizi wa watoto wa watu. Ya tatu akamwita mkavu, asiyezaa, ndiyo maana anachukua vya wenzake. Na hakuwa peke yake. Wekundu wengine waliandika mambo ambayo hata yeye aliyasoma jicho moja limefumba. Wabuluu nao wakajibu, ng'ombe nyie, mnafuata leso kama fahali. Watu waliokaa benchi moja kanisani wakaanza kusalimiana kwa kidevu. Harusi moja ilibidi meza zitenganishwe kwa rangi, na bibi harusi akalia.

Raha kubwa ya Ña Eladia ilikuwa ukurasa wa Profe ulipomjibu. Ulimjibu kila siku, kwa upole wa kuudhi. "Ndugu Kindakindaki, lete hoja, tutakujibu." Yeye alijua ni Profe huyo, amekaa ofisini na chupa yake ya kahawia, anakosa raha. Hapo alijinyoosha kitandani akasema kwa sauti, "Leo nimemshika pabaya!"

Siku moja jibu lilikuja tofauti. "Ndugu yangu, nakuomba uache. Haya yanasomwa na mtu, na mtu huyo naye ana mama yake."

Ña Eladia hakufikiri hata kidogo. Akaandika, "Mama huyo alizaa hasara. Angezaa jiwe tungejengea."

Watu mia tatu wakapenda. Ukurasa haukujibu.

Siku hizo Yeruti alikuwa amekonda. Alisukuma sukuma muhogo kwenye sahani akainuka.

"Kula, mwanangu. Shavu limeingia ndani."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Umeonja tu. Huyo Profe wako anakunyonya damu."

"Mwache Profe, mama. Yeye ndiye ananihurumia."

"Na mimi je? Mimi sikuhurumii?"

Yeruti alikusanya sahani zote. Akaenda kuziosha. Na mama, badala ya kumwuliza swali analomwuliza kila mlevi wa mji huu, alibaki pale akitafuna hasira: anamhurumia, eti! Ndivyo wivu unavyomfanya mtu. Macho anayo, lakini yameshughulika.

Jumamosi ya Oktoba Wabuluu walifanya mkutano uwanjani. Ña Eladia hakwenda, atakwendaje, lakini mchana video ya mkutano ilimfikia simuni. Profe yuko jukwaani, jasho tele. Kisha anamvuta msichana mmoja mbele kwa mkono. Yeruti. "Huyu hapa," Profe anasema kwenye kipaza sauti, "mimi sikujaliwa mtoto, lakini Mungu amenipa huyu. Bila yeye nisingefika leo." Umati unashangilia, na Yeruti anaweka kichwa chake begani kwa Profe, anafumba macho.

Kwa Ña Eladia, kichwa kile kilikuwa na bega moja tu la kulalia, la mama yake.

Aliitazama video hiyo mara saba. Ilikuwa saa nane mchana, jua linapasua mawe. Akafungua jogoo wake akaandika bila kupumua:

"Mnataka kuongozwa na mtu ambaye kichwa chake kimeharibika? Muulizeni anatwangiwa nini kila siku miezi hii yote! Karakara, majani ya limau, maua ya mchungwa na karafuu tatu! Asiyeweza kujilaza mwenyewe ndiye atawaongoza nyie? Kichaa!"

Jamani, ilisambaa kama moto wa nyasi kavu. Mpaka jua linashuka Profe alikuwa amekwisha kupewa jina, Meya Karafuu. Wakamchora amevaa mkufu wa karafuu, macho yamepinda. Mtu akamwaga karafuu mlangoni pa ofisi yake. Redio ya mji ikauliza kwa sauti ya mazishi kama wagombea wapimwe akili. Ña Eladia aliyasikia yote hayo akipika, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti alikula akashiba. Yeruti hakurudi nyumbani. Alituma ujumbe kwamba atalala kwa Profe, na hapo shibe ikamtoka.

Jumatatu akapanga meza kama kawaida. Mteja wa kwanza alikuwa Karai Silvero, yaani Bwana Silvero, mzee wa Wekundu, mtu anayelala na leso ya chama shingoni. Alisimama mbele ya meza, chupa imebanwa kwapani.

"Kinachokusumbua ni nini, Karai?"

"Hakuna."

"Hakuna vipi? Figo zimepona?"

"Shii, mama wewe! Taratibu!" Mzee aligeuka nyuma kutazama nani amesikia. "Leo nakunywa maji matupu."

"Umefiwa na nani?"

"Nisikilize, Eladia. Juzi mimi nilicheka. Nilisambaza kwa watu wangu wote, mpaka kwa shemeji yangu aliyeko Hispania. Nikamwambia, mwone Mbuluu huyo kichaa. Halafu nimekaa nyumbani, nikaanza kujiuliza: karafuu tatu? Nani mji huu anatia karafuu tatu?"

Ña Eladia alishika mchi, akauachia.

"Sisi ni wamoja, Karai. Nimewatetea."

"Umenitetea, ndiyo, ahsante. Lakini na mimi una yangu hapo kichwani mwako. Kesho tukikosana juu ya mpira, jogoo wako atawika nini?" Akavuta leso yake shingoni. "Mimi ni Mwekundu tangu tumboni. Ila figo zangu hazina chama."

Akavuka barabara, akaenda kwa Ña Obdulia, mwuza majani wa upande wa pili, ambaye majani yake miaka yote Ña Eladia aliyaita chakula cha mbuzi. Na huko kulikuwa na foleni. Ña Eladia aliinua shingo kutazama. Walikuwepo Wekundu, walikuwepo Wabuluu, wamesimama mstari mmoja wanapokezana salamu, na padri alikuwa wa nne. Hakuna hata mmoja aliyetazama upande wake.

Saa tatu Yeruti alikuja.

Mama alimwona tangu mbali, na moyo ulimruka, ndiyo, pamoja na aibu yote ile ulimruka, kwa sababu ilikuwa saa tatu na mwanawe alikuwa anakuja. Haraka haraka akaipangusa kreti kwa aproni. Akatia majani ya tereré kwenye kikombe cha pembe, akasimika mrija.

"Kaa, mwanangu. Kaa tunywe."

Yeruti hakukaa. Akaweka juu ya meza chupa iliyovikwa ngozi ya kahawia.

"Nitwangie, mama."

Ña Eladia alirudi nyuma kama aliyewekewa nyoka. "Hiyo ya Profe. Mwambie aje mwenyewe, simwogopi."

"Si yake."

"Nimeitwanga miezi mitatu, mimi! Naijua hiyo chupa."

"Si yake, mama, na haijawahi kuwa yake. Profe akiweka kichwa tu anakoroma, jana nimelala chumba cha pili nimemsikia. Chupa ni yangu. Nilimwomba aje aseme ni yake." Sauti yake ilikuwa ndogo, imechoka. "Ningekuja mimi ungeniuliza. Ningekwenda kwa Ña Obdulia ungejua kabla sijafika nyumbani. Na jana nilimwomba niwaambie watu kwamba ni yangu, akakataa. Alisema wakishajua watanigeukia mimi."

Kwa mbali mtu alicheka kwenye foleni. Ña Eladia hakusikia. Na mdomo wake, kwa mazoea tu ya miaka ishirini na sita, ukafunguka wenyewe ukauliza:

"Kinachokusumbua ni nini?"

Yeruti alitoa simu mfukoni, akaiweka kando ya kinu. "Sikuwa naandika barua. Nilikudanganya kwa sababu wewe ni Mwekundu, nikaona utaumia. Ukurasa wa Profe ni wangu, mimi ndiye ninayeujibu. Kila anachotukanwa, nakisoma mimi kwanza, asubuhi mpaka jioni, nakichuja, mengine yeye hajayaona mpaka leo. Unazoea. Kweli, mama, mtu unazoea. Lakini kuna mmoja sikumzoea. Nilikuwa nikifumba macho namwona jogoo wake."

"Yeruti..."

"Nilimwomba aache. Nikamwambia yanasomwa na mtu mwenye mama yake. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Alikumbuka. Neno kwa neno alilikumbuka, na wale watu mia tatu waliopenda.

"Sikujua ni wewe," akasema. "Mungu shahidi, mwanangu, sikujua ni wewe! Nilidhani ni yeye!"

"Najua." Yeruti alijifuta uso kwa kiganja. "Ndiyo maana nimekuja badala ya kukaa kimya. Na ingekuwa ni yeye kweli, mama? Ungeendelea?"

Ña Eladia aliifungua ile chupa ya kahawia. Alivuta kinu. Alichukua majani ya karakara, yakamponyoka, akaokota. Majani ya limau. Maua ya mchungwa. Akatoa karafuu kwenye kopo, akatia moja, akatia ya pili, kisha mkono ukasimama juu ya kinu na ya tatu imebanwa vidoleni, kwa sababu foleni yote ya ng'ambo ya barabara sasa ilikuwa inawatazama.

"Tia, mama," Yeruti akasema. "Mji mzima unajua ni tatu."

Akatia. Akatwanga, akasukumiza chupani, akaongeza barafu. Yeruti akafunga kifuniko, akaibeba chupa yake kwapani, watu wote wakiiona, akavuka barabara kuelekea ofisini kwa Profe. Juu ya meza kikombe cha pembe kilibaki na mrija wake, majani makavu, hakijatiwa maji.